Foki ya klachi ya Defender: kabla hujabadilisha silinda tena

Gari lililoletwa gereji kwangu Arusha wiki iliyopita, Land Rover Defender yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, lilikuwa limeshabadilishiwa silinda ya klachi ya juu na ya chini, mara mbili. Pesa ya mwenye gari imeteketea, na ugonjwa uko palepale. Klachi ilianza kukata chini kabisa, rivasi ikawa inakwaruza, mwisho gia zote zikagoma akiwa njiani kutoka Karatu.

Kama mafuta ya klachi hayavuji, upepo umetolewa vizuri kwenye bomba lake na pedali ina nguvu lakini klachi haiachii, shuku foki. Ni kipande cha bati lililofinyangwa, kina kishimo kinachokaa juu ya kichwa cha mviringo ndani ya kasha la klachi. Silinda inaisukuma foki, foki inasukuma rilizi beringi, ile inayobonyeza klachi ili iachie. Nguvu yote ya mguu wa dereva inapita kwenye kishimo hicho. Kinalika taratibu, na grisi ikikauka kinalika upesi zaidi, hadi kile kichwa kinatoboa bati na kutokea upande wa pili.

Fungua bolti mbili za silinda ya chini, isogeze bila kukata bomba lake, umulike tundu kwa tochi. Mara nyingi foki iliyotoboka utaikuta imelegea au imekaa upande.

Kuifikia ndiyo shughuli. Sakafu ya mbele inatoka, propela zote mbili (shafti za kupeleka nguvu mbele na nyuma) zinatoka, gia boksi na transfa (boksi ndogo inayogawa nguvu hiyo) zinarudishwa nyuma pamoja. Ni mzigo mzito kweli. Usimruhusu kijana wako alale chini yake kwa kutegemea jeki peke yake.

Kwa sababu hiyo sirudishi kamwe foki nyembamba kama ilivyokuja. Nachomelea kipande cha chuma kinene mgongoni mwa kishimo, upande usiogusa kile kichwa, ili mkao wa foki usibadilike. Kisha grisi. Rilizi beringi naweka mpya hata kama ya zamani bado inazunguka kimya, na sili ya nyuma ya injini naikagua hapohapo. Mafuta meusi ndani ya kasha ni ya injini. Mekundu ni ATF, yaani mafuta ya gia boksi.

Wakati wa kurudisha, klachi pleti lazima ikae katikati. Mimi natumia kijiti cha mbao nilichokichonga kwa kipimo cha shafti ya gia boksi. Shafti ikikataa kuingia, usivute kwa bolti, utaharibu pleti. Weka gia, zungusha flenji ya propela kidogo kidogo huku mwenzako akisukuma. Itaingia yenyewe.

Dereva uliyekwama porini: zima injini, weka transfa kwenye low (gia nzito) na gia ya kwanza, hakikisha mbele hakuna mtu, kisha piga stata. Gari litaondoka hivyohivyo. Nenda polepole, na ukitaka kusimama, zima.