Ngazi ya ghorofa moja: anza na kimo, picha baadaye

Karibu kila anayejenga ghorofa moja hapa Tanga huja na picha ya ngazi kwenye simu. Picha haimsaidii fundi sana. Cha kujua kwanza ni kimo kutoka sakafu ya chini iliyokwisha kumaliziwa mpaka sakafu ya juu iliyokwisha kumaliziwa. Kimo ndicho kinachotoa idadi ya vidato, vidato vinatoa urefu wa ngazi, na urefu ndio unaoamua umbo gani litaingia kwenye nyumba yako. Hesabu hii ifanywe kabla ya msingi, kwa sababu mguu wa ngazi unataka msingi wake na slabu, yaani zege la sakafu ya juu, inataka tundu lake.

Tuchukue nyumba yenye mita 3 kutoka sakafu hadi chini ya slabu, na slabu ya sentimita 15 pamoja na umaliziaji wake. Kimo ni milimita 3,150. Gawanya kwa 18, kila kidato kinapanda 175. Ukikipa kikanyagio, yaani sehemu ya kuweka mguu, cha 280, kanuni ya siku zote inatimia: vimo viwili vya kidato ujumlishe kikanyagio kimoja, jibu liwe kati ya 600 na 640. Hapa ni 630. Fundi anayetaka kukuokolea nafasi atakwambia vidato 15 vya 210 vinatosha. Kataa. Bibi mwenye maumivu ya magoti hapandi 210 kwa raha, na kushuka ni kubaya zaidi.

Vidato 18 vina vikanyagio 17 tu, maana cha mwisho ni sakafu ya juu yenyewe. Ngazi iliyonyooka basi inakula mita 4.76, na kila mwisho uache mita moja ya kusimama. Ni rahisi kuliko zote kusuka na kumwaga, ila mtoto akiteleza juu anafika mpaka chini. Ngazi ya kurudi nyuma, vidato tisa, landingi (sehemu bapa ya katikati), kisha tisa vingine, inaingia kwenye mita 3.24 kwa 2.1 ikiwa kila mkono, yaani kila safu ya vidato tisa, una upana wa mita moja. Kwa nyumba ya familia naipendelea hii. Ya kona inakaa vizuri pembeni mwa sebule, mradi kona iwe landingi bapa, siyo vidato vya pembetatu ambavyo upande wa ndani mguu haupati pa kukanyaga. Ya kuzunguka nguzo iache kwa ajili ya kupandia kwenye tangi la maji. Kitanda hakipiti, na godoro la sita kwa sita utalipitishia dirishani.

Tundu la slabu ndipo wengi wanapogonga kichwa, na hapa si msemo. Kutoka ncha ya kidato chochote kwenda juu kuwe na mita 2 zisizopungua. Kwenye mfano wetu chini ya slabu ni 3,000, hivyo kidato cha tano (875) kinaweza kuwa chini ya slabu, cha sita (1,050) hakiwezi. Lakini ukingoni mwa tundu huwa kuna bimu (boriti ya zege), na ikiwa na kina cha 450 pamoja na unene wa slabu, chini yake inabaki 2,700. Hapo mwisho ni kidato cha nne. Tundu likikatwa fupi kwa vidato viwili hakuna dawa nafuu, maana bimu haikatwi.

Choo chini ya ngazi? Chini ya landingi ya ngazi yetu ya kurudi nyuma kuna takriban mita 1.4, ni stoo ya ndoo na viatu. Chini ya ngazi iliyonyooka unaweza kusimama kuanzia kidato cha 14, yaani kama mita 1.1 ya mwisho, na bakuli la choo likae upande ulioinama.

Sasa kosa ninaloliona kuliko yote: kidato cha kwanza kifupi, cha mwisho kirefu. Fundi amegawa zege sawasawa, 175 kila kimoja, amepima vizuri kabisa. Kisha sakafu za chini na juu zinawekwa lipu na tailizi, jumla milimita 60, wakati vidato vinaongezeka 30 tu. Cha kwanza kinabaki 145, cha mwisho kinakuwa 205. Mguu huzoea kimo baada ya hatua mbili tatu, halafu unajikwaa kule juu, usiku, taa zimezimwa. Kwa unene huo, zege la kidato cha kwanza liwe 205 na la mwisho 145, vya katikati 175. Baada ya tailizi vyote vitalingana. Kwa hiyo chagua tailizi kabla ya kumwaga zege, na alama za vidato zichorwe ukutani kwa mpira wa maji wa kupimia usawa, zikianzia kwenye usawa wa sakafu iliyomalizika.

Kwenye nondo, ukubwa na nafasi ni kazi ya mhandisi. Kwa ngazi kama hii mara nyingi utaona unene wa 150, nondo za mm 12 kila 150. Wewe kagua sehemu moja: mahali mkono unaopanda unapokutana na landingi. Nondo za chini zisikunjwe kufuata pembe hiyo. Zikivutwa zinataka kunyooka, na zikinyooka zinabandua zege la chini. Za mkono zipitilize moja kwa moja mpaka juu ya landingi, za landingi ziingie juu ya mkono, zipishane kama mkasi. Mchanga uwe wa mto. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi ndiyo inayokula nondo.

Zege la ngazi yetu ya kurudi nyuma ni kama mita za ujazo 1.6, kwa uwiano wa 1:1½:3 (saruji, mchanga, kokoto) andaa saruji mifuko 13 au 14 ya kilo 50. Mwaga siku moja, kuanzia chini kwenda juu. Mwagilia siku saba, na mirunda isiguswe kabla ya siku 14. Mkandarasi akisema anazihitaji mbao kwenye saiti nyingine, hilo ni lake.

Mkono wa kushikia uwe 900 juu ya ncha za vidato. Vyuma visimame wima, na upenyo usifike 100, kichwa cha mtoto kisipite. Mabomba ya kulala ya stenilesi yanayopendwa siku hizi ni ngazi ya pili kwa mtoto anayejua kupanda. Karibu na bahari, kama Raskazone, stenilesi ya daraja 304 itapata madoa ya kutu. Nunua 316, au weka mkono wa mtiki. Tailizi ziwe za kukwaruza, na zenye kung'aa ziishie sebuleni.