Sifuri za Kutiliwa Shaka Katika Rekodi za Madoa ya Jua

Ukipewa jedwali la madoa ya jua, yaani sehemu zenye giza kwenye uso wa jua, linaloanzia mwaka 1610, usikimbilie kuchora grafu. Tafuta kwanza sifuri. Nafundisha fizikia ya jua hapa Nairobi, na katika data hizo zote hakuna kinachonitia wasiwasi kama sifuri.

Mwaka 1998, wanasayansi Hoyt na Schatten walichapisha orodha kubwa ya makundi ya madoa yaliyoonekana tangu enzi za Galileo. Ni kazi ya kuheshimika, nami naitumia. Lakini humo, kauli ya jumla ya Simon Marius, mwanaastronomia wa enzi za Galileo, kwamba madoa yamepungua iligeuzwa kuwa sifuri, siku baada ya siku. Marius hakusema hivyo! "Mwalimu, kwani hawakuona au hawakutazama?" mwanafunzi mmoja aliniuliza, na hilo ndilo swali lenyewe. Mwezi wa Julai, mawingu yakitanda Nairobi kutwa nzima, wanafunzi wangu huandika "mawingu" na kuiacha wazi safu ya hesabu. Anayejaza sifuri hapo namrudishia daftari.

Hata palipo na hesabu, mkono wa mhesabu huonekana. Kanuni ya Rudolf Wolf, mwanaastronomia wa Zürich, ni hii: kila kundi lipe 10, jumlisha na idadi ya madoa yote, kisha zidisha kwa namba ya kumsawazisha mtazamaji na wenzake. Kabla ya kuzidisha, doa moja la pekee linatoa 11. Makundi matatu yenye madoa saba yanatoa 37. Wolf aliyaacha madoa madogo kabisa. Msaidizi wake Wolfer aliyahesabu yote, kwa hiyo hesabu zake zikazidishwa kwa 0.6 ili zilingane na za Wolf. Baadaye, enzi za Waldmeier, mkuu wa kituo hicho cha Zürich, doa kubwa liliweza kuhesabiwa hadi mara tano, na tangu miaka ya 1940 rekodi ikapanda kwa takriban asilimia 18, kupanda ambako hakukutoka kwenye jua. Wanasayansi wa Brussels, wanaoitunza rekodi hii tangu 1981, waliirekebisha mwaka 2015 na kuiondoa ile 0.6. Usichanganye namba za vitabu vya zamani na za sasa.

Ninachokiamini zaidi ni mchoro. Schwabe, mfamasia wa Dessau, alichora jua tangu 1825 kwa zaidi ya miaka 40, na michoro yake tunaweza kuihesabu upya leo kwa kanuni moja.

Je, uhaba wa madoa wa 1645 hadi 1715 ulikuwa wa kweli? Ndiyo. Usumaku wa jua unapodhoofika, miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nguvu kutoka mbali angani, hutufikia kwa wingi na kuzalisha atomi za kaboni-14 na beriliamu-10 zaidi katika angahewa. Kaboni hiyo imo kwenye pete za miti ya kipindi hicho, na beriliamu imo kwenye barafu ya kale. Kinachobishaniwa ni jua lilitulia kiasi gani, na katika ubishi huo sifuri za kubuni ndizo zinazopotosha zaidi.