Programu za kuzoeza masikio: mwanakwaya aanzie kwenye do

"Mwalimu, niambie nipakue programu gani ya kuzoeza masikio," yaani ya kujifunza kutambua nota kwa kuzisikia. Ujumbe wa namna hii naupata WhatsApp karibu kila juma, aghalabu kutoka kwa walimu wa kwaya, na mara nyingine kutoka kwa vijana wapiga kinanda waliochoka kubahatisha kodi (nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja). Jibu langu huwa haliwafurahishi. Programu nyingi ni nzuri na nyingine ni za bure kabisa, ila ukianza na zoezi lisilokufaa utamaliza bando, ukate tamaa, kisha useme huna kipaji.

Zoezi lililotapakaa kuliko yote ni la intavali, yaani umbali kati ya nota mbili. Unafungua musictheory.net au teoria.com, unapigiwa nota ya kwanza na ya pili, kisha unachagua jibu: tatu ndogo, tatu kubwa, nne kamili na kuendelea. Walimu wengi wanaoanza kufundisha kwa mtandao hukimbilia hapo kwa sababu kuna alama, na alama zinapendeza kumwonyesha mzazi au paroko. Mimi siwaanzishii wanafunzi wangu hapo, na sababu yangu ni hii.

Chukua ngazi ya do, re, mi, fa, so, la, ti. Shuka kutoka so hadi mi. Umeshuka nusu toni tatu, yaani hatua tatu ndogo kabisa za kinanda. Shuka kutoka do hadi la ya chini: nusu toni tatu. Fa hadi re: tatu vilevile. Kwa programu, zote hizo ni "tatu ndogo" na mambo yameisha. Lakini ziimbe. So–mi imetulia, ndiyo unayoisikia mwanzoni mwa wimbo wa Noeli "Usiku mtakatifu", so, la, so, mi. Fa–re inakuacha juu juu, unatamani kuendelea. Do–la inageuza hali nzima, kama mtu aliyekuwa akicheka akanyamaza ghafla. Mwimbaji hasikii umbali mtupu. Anasikia nota iko wapi ukiilinganisha na do. Ndiyo maana unaweza kumpata kijana anayepatia karibu maswali yote ya intavali, lakini ukimpa mstari wa sauti ya pili aimbe kwa kuona mara ya kwanza, anapotea kwenye baa (kipande cha mapigo kati ya mistari miwili ya wima) ya tatu.

Na hapa kwaya zetu zina mtaji ambao wengi wetu hatuuthamini. Nota za herufi, d r m f s l t, zilianzia kwa Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, kisha mchungaji John Curwen akazikuza katika karne ya 19, na wamisionari wakazileta Afrika. Msingi wake ni kwamba do inahama. Juu ya karatasi panaandikwa "Do ni G" au "Do ni E bemoli", na kuanzia hapo kila mtu anaimba kwa kuitegemea do hiyo. Bibi wa miaka sabini anayeimba sauti ya tatu bila kujua ile mistari mitano ya kuandikia nota ina nini tayari ana masikio ya namna ambayo programu ghali zinajaribu kuyajenga. Anachokosa ni kuyaamini tu.

Kwa hiyo programu ninazoanzia ni zile zinazokupa do kabla ya kukuuliza chochote. Mbinu hii ilienea sana mtandaoni kupitia kazi ya Alain Benbassat, na leo ipo kwenye simu kwa jina la Functional Ear Trainer. Inapiga kwanza kodi chache, ya kwanza (inayojengwa juu ya do), ya nne (juu ya fa), ya tano (juu ya so), kisha inarudi ya kwanza, ili sikio likae ndani ya ufunguo, lijue do iko wapi. Halafu inapiga nota moja. Ukishajibu, nota hiyo inatembezwa hadi do: re inashuka do, fa inashuka mi, re, do, la inapanda ti, do. Kutembezwa huku ndiko kunakofundisha. Anayeruka sehemu hiyo ili awahi swali linalofuata anajidanganya mwenyewe.

Nawaanzishia do, mi na so peke yake. Zikikaa, naongeza re na ti. Fa na la naziacha za mwisho, kwa kuwa zote mbili zimo ndani ya kodi ya nne na wanafunzi huzichanganya mno. Tena nina sheria moja ambayo hakuna programu inayoweza kuisimamia kwa niaba yangu: imba kwanza, ndipo ubonyeze. Simu haikusikii. Ukiiachia nafasi utakuwa bingwa wa kubonyeza.

Angalizo kwa wale wa Kongo na Burundi waliosoma solfeji kwa mapokeo ya Kifaransa: kwenu do ni C siku zote, haihami. Ingia kwenye mipangilio kabla hujaanza, uchague namba 1 hadi 7 badala ya majina. Mkongwe wa do isiyohama akiambiwa kwamba F ni do, kichwa kinamuuma bure.

Intavali nazo hazitupwi. Zinakuja baadaye, hasa kwa wapiga kinanda na watunzi, na hapo musictheory.net ina jambo moja zuri sana kwa mwalimu: unaweza kulipunguza zoezi, ukachagua intavali mbili au tatu tu, kisha ukapata kiungo cha zoezi hilo na kukituma kwenye kundi la darasa. Kila mwanafunzi anafungua kile kile ulichokipanga. Teoria, iliyotengenezwa na José Rodríguez Alvira wa Puerto Rico, ndiyo ninayoitumia kwa imla: unasikia wimbo mfupi, unauandika, unasahihishwa.

Lakini chombo ninachokitumia kuliko vyote hakikutengenezwa kwa ajili ya muziki. Nota za herufi ni herufi za kawaida, kwa hiyo zinaandikika kwenye ujumbe wowote, hata kwenye simu ya kitochi:

Do ni F. | d : r | m : – | s : m | r : t, | d : – |

Nukta mbili zinatenganisha mapigo, kistari kinaendeleza nota iliyotangulia, mkato baada ya t unasema ti ni ya chini. Mwanafunzi anasoma, anajipa do, anaimba, anarudisha ujumbe wa sauti wa sekunde kumi. Mimi nasikiliza nikiwa kwenye daladala. Kosa la kawaida katika mstari huo ni lile pigo la mwisho la baa ya nne: wanatoka re na kurudi do moja kwa moja, ti wameiruka, kwa sababu sikio linaisubiri do kwa hamu. Namwandikia "ti yako iko wapi?" naye anarudia. Zoezi zima halimalizi hata megabaiti moja.

Jambo ninalogombana na walimu wenzangu ni lile la kutuma sauti zilizorekodiwa tayari. Siku hizi mwalimu anaandika wimbo kwenye MuseScore, programu ya bure na bora kabisa, anatoa sauti ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, anazitupa kwenye kundi, na waimbaji wanakariri. Wimbo unakwenda haraka, nakubali. Pasaka ikikaribia hata mimi nafanya. Lakini kwaya inayolishwa hivyo mwaka mzima haijifunzi kusoma, na mwalimu akihamishwa kikazi inabaki na nyimbo zile zile. Tuma nota kwanza. Sauti ifuate baada ya siku mbili tatu, kwa ajili ya kujisahihisha.

Vifaa vyenyewe sitavisemea sana. Spika ya simu haitoi vizuri nota za chini. F ya chini ya besi ina mitetemo kama 87 kwa sekunde, na kile unachokisikia kwenye simu ni zile sauti za juu zinazoambatana nayo, sikio likijaziliza lenyewe. Kwa mazoezi ya kutambua kodi vaa hedifoni, na kwa mazoezi ya kugonga mapigo ziwe za waya, maana za Bluetooth huchelewesha sauti na utaonekana umekosea mapigo ambayo hukukosea.

Kwenye Zoom washa mpangilio wa sauti halisi kwa wanamuziki. Usipouwasha, mfumo wa kuzuia kelele utaidhania nota ndefu kuwa feni na kuikata katikati. Wala usijaribu kuimbisha watu wote kwa pamoja. Wanamuziki huanza kuyumba ucheleweshaji ukivuka takriban milisekunde 25 hadi 30, ambazo ni kama umbali wa mita nane hadi kumi kwa sauti inayosafiri hewani, na mazungumzo ya video huvuka kiwango hicho bila shida. Mmoja aimbe, wengine wazime maiki waimbe naye huko waliko.

Sasa nije kwenye jambo ambalo programu hizi hazilijui kabisa. Zote zimejengwa juu ya kinanda: oktavo (kutoka do hadi do ya juu yake) imegawanywa nusu toni 12 zilizo sawa, kila moja senti 100, senti ikiwa kipimo kidogo cha umbali wa nota. Kwaya isiyo na kinanda haiimbi hivyo. Mi inayokaa sawasawa juu ya do iko kwenye senti 386 hivi, wakati ya kinanda iko 400. Ndiyo maana ukiifungulia kwaya nzuri programu ya tyuna, ile inayopima kama nota iko sawa, mi ya sauti ya pili itaonyeshwa iko chini na mshale utageuka mwekundu, ilhali kodi inang'aa kanisani. Nimeona walimu wakiipandisha mi hiyo kwa nguvu ili simu iridhike, na kodi ikachacha. Amini sikio. So yenyewe haina ugomvi: 702 kwa 700, hakuna atakayeona.

Kwa taarab pengo ni kubwa zaidi. Taarab hutumia maqam, yaani ngazi za nota za Kiarabu. Nota ya tatu ya maqam Rast inakaa kati ya tatu ndogo na tatu kubwa, na maqam Bayati ina nota yake ya pili isiyopatikana kwenye kinanda cha kawaida. Kijana wa Unguja anayejifunza kanuni (ala ya nyuzi nyingi) au fidla akijipima kwa programu za kawaida ataambiwa amekosea kila mara. Huyo namwelekeza maqamworld.com, ambako kila maqam ina maelezo na mifano ya kusikiliza, halafu namwambia atafute mtu wa kukaa naye. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilianzishwa Zanzibar mwaka 2002 kwa kazi kama hiyo, na wazee wanaojua Rast ya pwani inakaa wapi hawapimi kwa senti. Wanakupigia, unaiga, wanakurudisha. Muziki wa Wagogo wa Dodoma, ambao nota zake zinafuata harmoniki za asili (zile sauti za juu zinazoambatana na kila nota), una tatizo hilo hilo na programu, na kwa huo sijaona tovuti ya mazoezi ninayoweza kumpa mwanafunzi. Ninachofanya ni kurekodi, kuipunguza kasi kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, bila kuzishusha nota zenyewe, na kuwaimbisha kipande kwa kipande.