Kinachoogopwa na kinachodhuru: dhana potofu za usalama kwa anayejipangia safari ya Arusha na Moshi

Msimu wa wageni ukikaribia, simu za Arusha na Moshi hujaa maswali yaleyale. Kuko salama? Ebola imefika? Al-Shabaab wako mbali kiasi gani? Ni nadra mtu kuuliza kama gari lina mikanda kwenye viti vya nyuma, au mlima utapandwa kwa siku ngapi. Woga upo, tena mwingi, ila umejaa pale ambapo hatari ni ndogo na haupo kabisa pale ambapo watu wanaumia kweli. Hizi ni dhana tunazokutana nazo zaidi, za wageni wa nje na za Watanzania wenyewe, na hali ilivyo.

Dhana: Ugonjwa ukilipuka Afrika, Tanzania nayo imo

Ebola ya mwaka 2014 ilizikumba Guinea, Liberia na Sierra Leone. Zaidi ya watu 11,000 walifariki kabla mlipuko haujaisha mwaka 2016. Tanzania haikupata hata mgonjwa mmoja, lakini safari za huku zilifutwa. Chukua ramani upime: kutoka Freetown hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 5,500 kwa mstari ulionyooka. Kutoka Freetown hadi Madrid ni chini ya kilomita 4,000. Tena Madrid ndiko muuguzi alikogundulika kuambukizwa Oktoba ya mwaka huohuo, baada ya kumhudumia mgonjwa aliyerudishwa kutoka Afrika Magharibi. Aliyeahirisha Kilimanjaro akaenda kupumzika Hispania alikuwa amesogea karibu na mlipuko, sio mbali nao.

Mlipuko ukiwa ndani ya nchi, kipimo ni kilekile. Marburg, ugonjwa wa jamii ya Ebola, ilitangazwa mkoani Kagera Machi 2023, na tena Januari 2025. Mara zote mbili ilidhibitiwa hukohuko, na ilichukua takribani miezi miwili hadi mitatu kutangazwa kuwa imekwisha. Bukoba, mji mkuu wa Kagera, na Arusha zimeachana kwa karibu kilomita 600. Mgeni akiuliza, usimjibu "hamna shida kabisa". Jibu hilo halimtulizi mtu yeyote, na anayesoma habari ataona unamficha. Mwandikie jina la mkoa, umbali wake kutoka njia yake, jinsi ugonjwa unavyoambukiza (Marburg na Ebola huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, haziambukizi kwa kupita njiani), na tarehe ya tangazo la mwisho la Wizara ya Afya. Mistari minne inatosha.

Hasara ya safari iliyofutwa haiishii kwa wakala. Mpandaji mmoja wa Kilimanjaro huondoka na kazi ya mwongozaji, mpishi na wagumu (wapagazi wa mlimani) watatu au wanne. Hao hawana mshahara wa mwezi, wanalipwa kwa siku za mlimani.

Dhana: Serikali ya nchi yangu imetoa tahadhari, maana yake nisije

Hapa woga hugeuka fedha, kwa hiyo twende polepole. Tahadhari za usafiri za nchi kama Marekani huipa nchi nzima daraja moja, kuanzia 1 hadi 4. Uingereza huandika zaidi kwa maeneo. Kwa miaka kadhaa Waingereza wamekuwa wakishauriwa kutokwenda, isipokuwa kwa safari ya lazima, ukanda wa kilomita 20 kutoka mpaka wa Msumbiji, mkoani Mtwara, kwa sababu ya mapigano ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Mpaka huo uko zaidi ya kilomita 800 kutoka Moshi, lakini msomaji wa haraka huona neno "Tanzania" na kufunga ukurasa.

Soma tahadhari kwa mpangilio huu. Kwanza tarehe ya kuandikwa. Pili, eneo linalotajwa kwa jina. Tatu, na hili ndilo linalosahaulika, fungua mkataba wa bima yako utafute kinachosemwa kuhusu tahadhari za serikali. Bima nyingi hukataa kulipa ukienda mahali ambapo serikali yako imeshauri watu wasiende. Upande wa pili, kampuni hizohizo za bima hazikurudishii fedha ukifuta safari kwa sababu umeogopa tu wakati hakuna ushauri huo. Anayefuta mapema kwa hofu anaweza kupoteza kila kitu, ilhali angesubiri tangazo rasmi huenda angelipwa, au safari ingefanyika salama.

Si kila tahadhari ni ya kupuuzwa. Baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 kulikuwa na vurugu katika miji kadhaa, Arusha ikiwemo. Watu walipoteza maisha, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Aliyekuwa safarini siku zile hakuhitaji kutiwa moyo, alihitaji mpango: nakala za karatasi za tiketi, pasipoti na namba za simu; fedha taslimu za siku tatu, kwa kuwa intaneti ikizimwa kadi nazo hugoma; na mtu wa kumpigia kwa simu ya kawaida. Usipange kupita mijini katika wiki ya uchaguzi, nchi yoyote.

Dhana: Hatari kubwa ya safari hii ni ujambazi, ugaidi au simba

Hatari kubwa ni barabara. Februari 2024, pale Ngaramtoni kwenye barabara ya Arusha–Namanga, lori lililokosa breki liliyagonga magari mengine na kuua watu 25, wageni kutoka nchi mbalimbali wakiwa miongoni mwao. Barabara ya Arusha–Moshi, kilomita 80 hivi, inapita katikati ya Tengeru, Usa River na Boma Ng'ombe, ambako watembea kwa miguu, bodaboda zisizo na taa na mifugo hutumia lami hiyohiyo. Saa 1 jioni giza limeshaingia.

Kwa anayejipangia, usalama huanzia kwenye ratiba. Ndege ikitua KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) usiku, lala Usa River, Moshi au Arusha, uendelee asubuhi. Kuunganisha hadi Karatu usiku huo kwa dereva aliyekusubiri tangu mchana ni kosa, hata kama anasema hajachoka. Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300 na huchukua saa saba hadi nane, sehemu kubwa ikiwa vumbi na makorongo. Anayeipanga kama safari ya nusu siku anamlazimisha dereva kukimbiza gari.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalioni. Kibali cha anayelala ndani ya hifadhi huhesabiwa kwa saa 24. Ukiingia Naabi, geti la Serengeti, saa 6 mchana, unapaswa kutoka kabla ya saa 6 mchana ya siku ya mwisho, na ukichelewa unalipia tena. Hapo ndipo magari hukimbizwa kwenye changarawe asubuhi ya mwisho, baada ya wageni kung'ang'ania kumtazama chui nusu saa zaidi. Dawa yake ni rahisi: muulize dereva jana yake jioni, "Kibali chetu kinaisha saa ngapi, na tunatakiwa tuondoke saa ngapi ili usikimbize?" Mwambie pia wazi kwamba hutamlaumu kwa kwenda taratibu. Madereva wengi hukimbiza kwa kuwaogopa wageni wao.

Kabla ya kulipia gari, kagua mkanda wa kila kiti (uvute, uufunge), tairi mbili za akiba kama mnaenda Serengeti, na redio au simu inayofanya kazi. Kwa basi, kata tiketi dirishani au kwa mtandao, yenye jina lako na namba ya kiti. Mpiga debe hawezi kukurudishia nauli basi likiharibika.

Dhana: Mlima hauhitaji kampuni, na ya bei ya chini ndiyo ujanja

Kujipangia kuna mipaka, na Kilimanjaro ni mojawapo. Kanuni za hifadhi hazimruhusu mtu kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Meru nayo inahitaji askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Unachoweza kupanga mwenyewe ni njia, idadi ya siku na kampuni, na hapo ndipo usalama wako ulipo.

Fanya hesabu kabla ya kufurahia bei. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mgeni wa nje analipa hifadhi ya Kilimanjaro dola 70 kwa siku, dola 50 kwa kila usiku wa kambi, na dola 20 za uokoaji. Njia ya Machame ya siku 6 ni 420 jumlisha 250 jumlisha 20, yaani 690. Ongeza kodi ya VAT ya asilimia 18, inakuwa dola 814. Anayekuuzia safari hiyo kwa dola 1,000 amebakiwa na dola 186 za chakula, usafiri, mahema na malipo ya kikosi kizima kwa siku sita. Haiwezekani mtu asiumie. Ataumia mgumu anayelala njaa, au utaumia wewe kwa kuwa na mwongozaji mmoja pale mnapohitaji wawili: mmoja wa kumshusha mgonjwa, mwingine wa kuendelea na kundi. Uliza pia mizigo inapimwaje. Kikomo cha mgumu ni kilo 20, na getini kuna mizani.

Kinachowashinda watu mlimani, na mara nyingine kuwaua, ni ugonjwa wa mwinuko, hata walio vijana na wenye mazoezi. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukivuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Sasa tazama njia ya Marangu ya siku 5: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo karibu 4,720. Ni mita elfu moja kila usiku. Ongeza siku moja ya kukaa Horombo, au chagua Machame au Lemosho ya siku 7 au zaidi, ambako unapanda hadi Lava Tower, mita 4,600 hivi, kisha unashuka kulala Barranco chini ya mita 4,000. Siku ya ziada hugharimu fedha, lakini ndiyo kinga bora kuliko kidonge chochote. Dawa ya Diamox husaidia, miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, baada ya kumwona daktari. Haiondoi haja ya kwenda taratibu.

Kichwa kuuma peke yake ni kawaida. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kukohoa povu au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, anashushwa saa hiyohiyo, iwe usiku wa manane. Kusubiri asubuhi ndiko kunakoua. Na bima: nyingi za kawaida hukomea mita 3,000 au 4,000. Kilele ni mita 5,895, hivyo tafuta inayoandika mita 6,000.

Dhana: Arusha mjini kila anayekusogelea ni mwizi

Wengi ni watu wanaotafuta riziki. Vijana wa karibu na mnara wa saa wanaouza safari, tunaowaita flaikacha, wengine wanakupeleka kwa kampuni halali, wengine hawana hata ofisi. Usifanye biashara barabarani. Omba kuona leseni ya biashara ya utalii ya mwaka huu, linganisha jina lake na jina la akaunti ya benki, na usitume malipo ya awali kwenye namba ya simu ya mtu binafsi.

Kisa cha kweli cha kuogopa ni cha teksi: mgeni anazoeana na mtu, wanapanda gari pamoja, halafu anazungushwa kwenye mashine za fedha na kulazimishwa kutoa. Teksi halali ina kibao cha namba cheupe, kwa maana ni gari la biashara. Cha njano ni cha gari la mtu binafsi. Mwombe mhudumu wa hoteli akuitie, na usikubali abiria wa pili apande njiani. Usiku usitembee kwa miguu na begi, hata mita mia tatu.

Dhana: Malaria iko kila mahali kwa kiwango kimoja

Arusha mjini ni mita 1,400 na malaria ni kidogo. Mto wa Mbu, Manyara, Tarangire na Serengeti ni habari nyingine, na huko ndiko safari inakokwenda, basi tumia dawa za kinga na chandarua. Homa ikija siku saba au zaidi baada ya kufika huko, hata wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani, mwambie daktari ulikotoka. Kadi ya homa ya manjano huulizwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, Kenya ikiwemo, kwa hiyo wa kupitia mpaka wa Namanga awe nayo. Chanjo ichomwe siku 10 kabla.

Dhana: Hifadhi ni za wazungu, sisi tutafukuzwa getini

Hii ni ya Watanzania, na inatuuma zaidi. Raia hulipa kwa shilingi, kiwango kilicho mbali sana na cha mgeni. Hifadhi ya Taifa Arusha iko mwendo wa saa moja hivi kutoka mjini, kwa kukatia Usa River hadi geti la Ngongongare. Haina simba, na unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi. Kusanyeni watu sita, kodini gari moja, gawaneni gharama. Kila mtu abebe kitambulisho cha NIDA, kwani bila uthibitisho wa uraia mtatozwa kama wageni. Getini hawapokei fedha taslimu. Mnapewa kumbukumbu namba mnalipa kwa simu au benki, kwa hiyo wekeni salio kabla ya kuondoka. Mageti hufunguliwa saa 12 asubuhi. Fikeni saa 1, pandeni kwanza hadi ukingo wa kreta ya Ngurdoto, kisha mshukie maziwa ya Momella mchana.