Kishikwambi hakijafuta daftari
Kwenye magrupu ya wazazi wa Kisauni na Likoni, Mombasa, kuna ujumbe usiokwisha kuzunguka: eti mtaala wa umilisi (CBC) wa shule za Kenya umeondoa mwandiko, mtoto atasoma kwa kishikwambi tu. Si kweli. Ujuzi wa kidijitali ni mmoja tu kati ya umilisi 7 wa kimsingi, yaani uwezo ambao mtaala huo unataka mtoto aupate. Kuandika kumebaki ndani ya masomo ya lugha. Fungua mkoba wa mwanao: utakuta madaftari, penseli iliyotafunwa, imla iliyosahihishwa kwa wino mwekundu. Mkanganyiko unaeleweka, maana mzazi huambiwa kila mara apige picha kazi ya mtoto, aitume kwa simu. (Kazi yenyewe, mara nyingi, imeandikwa kwa mkono!) Ukiletewa ujumbe huo usiusambaze, muulize mwalimu wa darasa.