Pikapu ya gitaa kavu: maana yake, na namna ya kuchagua ya jukwaani

Hapa hatuzungumzii gari la mizigo. Pikapu ya gitaa ni kifaa kidogo kinachogeuza mtikisiko wa gitaa kuwa umeme, umeme huo ukapita kwenye waya hadi kwenye amplifaya au mikisa, kisha ukatoka kwenye spika ukiwa sauti tena. Gitaa la umeme bila pikapu ni ubao wenye nyuzi. Gitaa kavu ni tofauti: lina sauti yake tayari, ya mbao zake na hewa iliyo tumboni mwake. Ndiyo maana kulichagulia pikapu kunasumbua zaidi. Unakuza kitu ambacho kimeshakamilika, na kila njia ya kukikuza inakuletea kipande chake tu.

Watu huuliza ipi ina sauti nzuri. Mimi huuliza kwanza: inasikiliza wapi? Mtikisiko wa gitaa husafiri. Unaanzia kwenye uzi, unapita kwenye kimfupa, yaani kile kipande chembamba cheupe ambacho nyuzi zinakilalia juu ya daraja. Kutoka hapo unaingia kwenye daraja, daraja linatikisa ubao wa mbele, na ubao unasukuma hewa hadi masikioni. Kila pikapu iliyoko sokoni imejipachika mahali fulani katika safari hiyo. Iliyo karibu na uzi huvumilia kelele za jukwaani, lakini mbao za gitaa haizisikii sana. Inayosogea kuelekea hewani hufanana zaidi na gitaa lenyewe, na kwa sababu hiyohiyo huwa nyepesi kuvuma.

Kuvuma ndiko adui mkubwa, kwa hiyo tukueleze kwanza. Spika inatoa sauti, sauti inatikisa ubao wa gitaa, pikapu inasikia mtikisiko huo na kuurudisha kwenye spika, na duara linazidi kukua hadi ukumbi mzima unaziba masikio. Maiki ya mwimbaji hupiga mluzi mwembamba wa juu. Gitaa kavu mara nyingi hunguruma chini. Sababu ni kwamba hewa ya ndani ya gitaa ina mlio wake wa asili. Kwa magitaa makubwa mengi mlio huo uko karibu na hezi 100, jirani kabisa na uzi wa tano ukiwa mtupu, ambao ni hezi 110. Ukitaka kuujua wa gitaa lako, weka mdomo karibu na tundu ugune, ukipandisha na kushusha sauti taratibu. Kuna noti moja ambayo gitaa litaitikia kifuani mwako. Ikumbuke, kwa sababu ndiyo itakayokuchokoza spika zikifunguliwa.

Tuanze na iliyo karibu na uzi. Pikapu ya sumaku hupachikwa kwenye tundu la gitaa, nayo ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mamia au maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme unazaliwa kwenye ule waya. Ni kanuni ambayo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. Kwa kuwa inasikia chuma peke yake, gitaa la nyuzi za nailoni kwake ni bubu. Hata nyuzi za chuma haizisikii sawasawa. Zile nene za gitaa kavu zimesokotwa kwa shaba ambayo sumaku haiigusi, kwa hiyo pikapu inakisikia kiini chake tu, ilhali nyuzi mbili nyembamba ambazo hazikusokotwa inazisikia kikamilifu. Matokeo yake uzi wa pili unaweza kupiga kelele kuliko wenzake wote. Pikapu iliyobuniwa mahsusi kwa gitaa kavu huwa imelirekebisha hilo, au ina skrubu za kusawazisha. Iliyong'olewa kwenye gitaa la umeme haikubuniwa kwa nyuzi hizi.

Yenye koili moja, yaani fungu moja la waya uliozungushwa, hudaka pia mvumo wa umeme wa majengo, hezi 50 au 60 kutegemea nchi. Tiba yake ni koili mbili zinazofuta mvumo wa mwenzake, wazo ambalo Seth Lover wa Gibson, kampuni ya magitaa ya Marekani, alilifanyia kazi mwaka 1955. Sauti ya pikapu ya sumaku ni nene, ya joto, na tukubali: ina asili ya gitaa la umeme. Si aibu. Gibson J-160E, gitaa kavu lililotoka kiwandani mwaka 1954 likiwa na pikapu ya sumaku mwisho wa shingo, ndilo John Lennon na George Harrison wa Beatles walilolinunua mwaka 1962. Ukiwa na mpiga drams nyuma yako na besi pembeni, hakuna anayesikia uzuri wa mbao zako. Wanachotaka ni kusikia kodi zako, yaani noti unazozipiga kwa pamoja.

Hatua inayofuata ni kimfupa. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele fulani zikikandamizwa hutoa umeme. Hiyo ndiyo piezo. Ukanda mwembamba hulazwa chini ya kimfupa, na kila uzi ukitikisika unaukandamiza. Magitaa mengi yanayouzwa yakiwa na tundu la waya tayari yana hii. Inafanya kazi kwa nailoni na chuma, haidaki mvumo kwa urahisi, na noti zake zinatoka wazi. Lawama yake ni moja na kila mpigaji anaijua: ukichapa nyuzi kwa nguvu, sauti inakauka na kufanana na bata aliyekanyagwa. Ukipiga kwa vidole taratibu huisikii; ukikwangua kodi kwa plekta, bata anaamka.

Piezo ina jambo lingine ambalo watu hulikosea na kulaumu kifaa. Umeme wake ni dhaifu na unahitaji kupokelewa na mtambo wenye ukinzani mkubwa, angalau megaomu 1, na mingine imetengenezwa kwa 10. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye mikisa ya kawaida, besi inapotea na inabaki sauti ya bati. Ndiyo kazi ya priampu, kile kisanduku kidogo kilichomo ndani ya gitaa au kilicho sakafuni. Na kama uzi mmoja uko kimya kuliko mingine, usikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi kimfupa hakikukaa sawa kwenye mfereji wake, na fundi anakinyoosha kwa msasa.

Pikapu ya kugusa ni piezo pia, ila ni vidonge vinavyobandikwa ndani, kwenye ubao ulio chini ya daraja. Hapa mbao zinaanza kusikika. Mpigaji anayegonga mwili wa gitaa kama ngoma ataipenda, kwa sababu kila kidole kinasikika. Mimi nikipiga peke yangu mahali tulivu, hii ndiyo ninayoichagua. Lakini inasikia pia kifungo cha shati kikikwaruza, na bendi ikipandisha sauti inanguruma kabla ya wenzake.

Maiki ndogo ya ndani iko mwisho wa safari, hewani. Wengi hudhani ndiyo itakayotoa sauti halisi. Ndani ya gitaa, hata hivyo, si mahali tunaposikilizia gitaa; maiki iliyofungiwa humo ina sauti ya sanduku. Peke yake jukwaani sishauri. Ikichanganywa kidogo na piezo, besi zake zikiwa zimekatwa, inaongeza pumzi ambayo piezo haina. Mifumo ya mchanganyiko wa namna hii ni ghali, na ina mtego: sauti mbili zinaweza kukinzana na kumezana, gitaa likatoka jembamba ghafla. Kitufe cha kugeuza awamu, yaani kupindua mawimbi ya sauti moja yaende sambamba na ya nyingine, kama priampu inacho, hutatua hilo kwa kubonyeza mara moja. Kitufe hichohicho wakati mwingine hukata mngurumo, hivyo ukisikia gitaa linaanza kuvuma kijaribu kabla hujagusa kingine.

Kabla ya kubadilisha pikapu, angalia pia fedha yako inaenda wapi. Piezo ya kawaida yenye priampu nzuri, yenye kichujio chembamba cha kupunguza ile noti moja uliyoiguna, hushinda pikapu ya kifahari iliyochomekwa ovyo. Kizibo cha mpira kwenye tundu la gitaa ni rahisi na kinatuliza mngurumo sana, ingawa hakikai pamoja na pikapu ya tunduni. Ukisimama pembeni kidogo ya monita, ile spika ya jukwaani inayokuelekea, badala ya kuielekezea ubao wa gitaa, huo ni msaada wa bure. Na kama waya hadi kwenye mikisa ni mrefu, upitie kisanduku cha DI, kinachoandaa umeme wa gitaa kwa safari ndefu ya waya, vinginevyo njia nzima inakusanya kelele.

Usakinishaji nao una uzito. Ya tunduni unaifunga na kuifungua mwenyewe kwa bisibisi. Nyingine nyingi zinataka tundu la waya la milimita 12 hivi, litobolewe kwenye kile kitufe cha nyuma kinachoshika mkanda, na tundu hilo halirudi. Gitaa la zamani lenye thamani ningelifikiria mara mbili.

Betri: katika mifumo mingi inayoitumia, jeki, yaani lile tundu la waya, ndiyo swichi. Ukiacha waya umechomekwa baada ya mazoezi, priampu inawaka usiku kucha, na volti 9 zako utazikuta zimeisha ukiwa tayari umeitwa jukwaani.