Pomboo analala, jamani

Ukienda Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kutazama pomboo, hukosi mtu ndani ya boti wa kukuambia kwamba mnyama huyu halali kabisa. Wa pili atamsahihisha: analala, ila usingizi wa mang'amung'amu. Wamekosea wote, na huyu wa pili ndiye anayeniudhi zaidi kwa sababu alikaribia.

Maana yenyewe ni fupi. Pomboo hulaza nusu moja ya ubongo kwa zamu. Ya kushoto ikilala, ya kulia i macho, na jicho linalofumbwa kwa kawaida ni la upande wa pili, yaani la kulia. Baadaye hupokezana. Watafiti wa Kisovieti, akiwamo Lev Mukhametov, walipima umeme wa ubongo wa pomboo na kuchapisha matokeo hayo mwaka 1977. Sababu kubwa inayotajwa ni pumzi: sisi hupumua hata tukiwa tumezirai, pomboo hupumua kwa kukusudia, tena lazima apande juu kwanza.

Sasa mang'amung'amu. Hiyo ni hali ya ubongo wote kufifia: basi la usiku limepita Chalinze, redio unaisikia kwa mbali, ukiulizwa nauli unajibu ovyo. Pomboo hafifii hivyo. Nusu iliyolala imelala fofofo, na mawimbi yake ya umeme ni yale makubwa ya polepole ambayo daktari angeyakuta kichwani mwako saa nane za usiku. Nusu ya pili iko kazini. Ni jahazi lenye mabaharia wawili, mmoja anakoroma, mwenzake kashika sukani. Nani atasema jahazi hilo linasinzia?

Kosa la yule wa kwanza nadhani limeletwa na neno lenyewe. Kulala kwetu ni mambo mawili, kushikwa na usingizi na kujinyoosha chini. Mpunga ukipigwa na upepo tunasema umelala, wala hakuna anayeudhania ndoto. Mstari wa mlalo nao umepata jina huko huko. Basi mtu akimwona pomboo anaogelea taratibu, hajalala chali wala ubavu, anakata shauri kwamba halali. Sijui angesemaje mbele ya nyangumi wakubwa wenye meno, wale wa kichwa kama sanduku, ambao hulala wima chini ya maji mithili ya nguzo, kichwa juu au kichwa chini, dakika 10 hadi 15. Kulala wima! Mwaka 2008 watafiti walieleza kundi lililokutwa hivyo karibu na pwani ya Chile. Boti iliyozima mashine ilisogea katikati yao, wasishtuke mpaka ilipomgusa mmoja.

Hao nao tusiwatie haraka kwenye nusu ubongo. Vipimo vya umeme vimetoka kwa pomboo na jamaa zake wadogo waliofugwa. Kwa jinsi wale wa Chile walivyochelewa kushtuka, huenda wao hulala ubongo mzima.

Kwa hiyo ukisikia tena "halali", jibu kwa upole: analala, kwa zamu. Utafiti uliochapishwa 2010 kuhusu pomboo wa kusini mwa Unguja ulionyesha kwamba boti za watalii zikiwapo, muda wao wa kupumzika hupungua. Kama umekaa botini asubuhi nzima na hukuona hata mmoja aliyetulia, huenda sababu ni boti.